Sharti moja kwenye fomu ya safari ya theluji

Kwa viongozi wa jumuiya za Waafrika Mashariki na Wakongo mlioko Minnesota, Colorado, Ontario, Alberta na Norwei. Kwa walimu wa madrasa na wachungaji wa vijana mnaopanga safari za majira ya baridi. Na kwa wazazi mnaotia saini fomu za safari hizo.



Msimu wa kwenda mlimani unakaribia. Fomu zimeanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, bei ya basi imeshaulizwa, na vijana wanabishana nani atachukua skii na nani atachukua ubao. Mimi ni mmoja wa wazazi wanaojitolea kuwasimamia wanaoanza, na safari hizi nazipenda kwa dhati. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis au Calgary ana miezi mitano ya baridi ya kuishi nayo kila mwaka. Akifungiwa ndani miezi yote hiyo kwa kuwa mama yake alikulia Tanga na baba yake Bukavu, tutakuwa tumemnyima karibu nusu ya nchi yake. Kwa hiyo siombi mtu azuie safari. Naomba sharti moja liongezwe kwenye fomu, mstari ulio chini tu ya ule unaotaja helmeti: yeyote anayepanda ubao wa theluji akiwa bado anajifunza, mtoto kwa mtu mzima, avae kinga za vifundo vya mikono. Asiye nazo siku hiyo, achukue skii.

Wengi mtauliza mikono inaingiaje kwenye mchezo wa kuteleza kwa miguu. Jibu liko kwenye namna mtu anavyofungwa kwenye chombo chake. Mwenye skii ana miguu miwili iliyoachana na fimbo mbili mikononi. Akiyumba anatanua mguu, na akianguka vibaya vifungio vya skii hufunguka vyenyewe. Majeraha yake huwa zaidi ya goti, na ya kidole gumba kinachonaswa na fimbo. Mwenye ubao miguu yote miwili imebanwa juu ya kipande kimoja, na vifungio vyake havifunguki anapoanguka. Mnakumbuka mbio za magunia za shule ya msingi: ukipoteza mizani ndani ya gunia huna mguu wa kujiokolea, unakwenda chini mzimamzima, mikono ikitangulia. Ubao ni vivyo hivyo, ila huku uwanja wenyewe ni barafu.

Anayeanza hujifunza kwanza kushuka akitazama bonde, uzito ukiwa visiginoni, kisha akitazama mlima, uzito ukiwa kwenye vidole vya miguu. Wakati wote huo ubao umelazwa upande, na unateleza kwa makali ya chuma ya upande wa mlimani tu. Ubao ukilala bapa hata kwa sekunde moja, makali ya upande wa bondeni yanajikita kwenye theluji. Ubao unakwama papo hapo, mwili unaendelea. Mtu anatupwa chini kabla hajapata hata muda wa kupiga kelele. Wazazi wengi huogopa mwendo kasi na miruko wanayoiona kwenye televisheni, na huko kuna hatari zake. Lakini kwa vifundo vya mikono, pa kuangaliwa zaidi ni mteremko ule mfupi wa wanaoanza, ambako watu huenda kwa mwendo wa kutembea na sisi wasimamizi tumesimama pembeni tunapiga picha.

Madaktari wa Colorado walikusanya taarifa za majeraha ya wapanda ubao kwa miaka kumi, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Walikuwa na majeraha 7,430. Karibu nusu yalikuwa ya mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, na katika mkono huo kifundo ndicho kilichoongoza. Wanaoanza walikuwa wengi miongoni mwa walioumia vifundo. Na waliokuwa wamevaa kinga, uwezekano wao wa kuumia hapo ulikuwa nusu ya wale ambao hawakuvaa.

Kunyoosha mkono mtu anapoanguka ni jambo tuliloumbwa nalo. Mtoto huwa nalo hata kabla hajaanza kutembea. Ukimwambia kijana asinyooshe atakuitikia, na kesho yake atanyoosha, kwa sababu mkono unatoka kabla wazo halijafika. Kiganja kinapigwa na theluji iliyoganda kikiwa kimekunjwa kwenda nyuma, na uzito wa mwili mzima unapita kwenye ncha ya mfupa ulio upande wa kidole gumba. Daktari Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko wa mahali hapo mwaka 1814, miaka 151 kabla Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan, hajaunganisha skii mbili siku ya Krismasi ya 1965 ili mabinti zake wapate kitu cha kuchezea, na mchezo huu ukaanzia hapo. Kwa hiyo tunazungumzia jeraha ambalo tiba imelijua kwa zaidi ya karne mbili, na ambalo kinga yake inauzwa madukani.

Kwa mtoto mambo yana uzito zaidi. Karibu na ncha hiyo ya mfupa kuna tabaka la gegedu ambamo mfupa huongezeka urefu hadi ujana unapokwisha. Sehemu kubwa ya urefu wa mfupa huo hutokana na tabaka la upande wa kifundoni. Mara nyingi mfupa wa mtoto huunga haraka na vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tabaka hilo likipondwa, mfupa mmoja unaweza kubaki nyuma huku mwenzake ukiendelea kukua, na mkono ukapinda. Mzazi akiambiwa kwamba kuvunjika ni sehemu ya utoto, akumbuke kwamba wenzetu waliosema hivyo walianguka kwenye michanga na majani.

Kuna kifupa kingine ambacho kila msimamizi wa safari anapaswa kukifahamu. Kinaitwa skafoidi, ni kidogo na kimejipinda, kipo chini ya kidole gumba. Nyoosha gumba lako juu uone kibonde kinachojitokeza kati ya kano mbili, upande wa mgongo wa mkono. Skafoidi iko chini ya kibonde hicho. Damu huingia ndani yake zaidi kutokea upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo kikikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa. Ubaya wake mwingine ni kwamba mvunjiko huo huweza kutoonekana kwenye picha ya kwanza ya eksirei. Kijana anaambiwa ameteguka, anarudi nyumbani, anapakwa dawa ya kuchua na shangazi, na baada ya miezi kadhaa hawezi kujiinua kutoka sakafuni kwa kiganja. Yeyote aliyeanguka akawa na maumivu akibonyezwa kwenye kibonde hicho, asichuliwe na asinyooshwe. Aende hospitali, amweleze daktari kwamba alikuwa kwenye ubao na aliangukia kiganja, na picha ya kwanza ikiwa safi huku maumivu yapo, aulize habari ya kurudia picha baada ya siku kumi hadi wiki mbili. Mkono ubaki umefungwa kwenye gango hadi hapo.

Sasa nije kwenye ushahidi, maana najua kamati zetu haziongezi gharama kwa hisia za mtu mmoja. Katika uwanja wa Hafjell, karibu na Lillehammer nchini Norwei, watafiti waliwachukua wapanda ubao 5,029 na kuwagawa kwa kura katika makundi mawili yaliyokaribiana sana kwa idadi: moja likapewa kinga za vifundo, jingine likateleza bila kinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Wasiovaa waliumia vifundo mara 29. Waliovaa, mara 8. Utafiti uliofanywa Austria kwa wanafunzi, ukachapishwa mwaka uliofuata, ulielekea huko huko. Sijui jambo jingine tunalowafanyia watoto wetu mlimani lenye ushahidi ulio wazi namna hiyo kwa bei ndogo namna hiyo.

Wapo wanaosema kinga huhamisha nguvu ya pigo kutoka kifundoni kwenda kwenye kiwiko na bega. Hoja hii si ya kupuuza. Utafiti wa Quebec uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kinga zilipunguza kwa asilimia 85 uwezekano wa kuumia kiganja, kifundo na sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko. Watafiti hao hao waliona dalili ya ongezeko la majeraha ya kiwiko na bega, ingawa dalili hiyo haikuwa na nguvu ya kuthibitisha kwamba si bahati nasibu. Mimi nauchukulia ushahidi huo kwa ukamilifu wake. Unaniambia kwamba kinga ngumu kupita kiasi si nzuri, na kwamba kinga haiondoi haja ya kufundishwa kuanguka. Hauniambii kwamba mtoto aende na mikono mitupu.

Na hapa niseme jambo ambalo watafiti wa Norwei hawakuwa na sababu ya kuliandika. Mnawajua watu wetu wanafanya kazi gani huku. Wapo wanaowageuza na kuwanyanyua wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee. Wengine wanapakia mizigo kwenye maghala, au wanaendesha malori kutoka jimbo hadi jimbo. Dada zetu wanasuka nywele kutwa nzima, na kila msuko unapita kwenye vifundo vya mikono. Watu hawa ndio wanaosindikiza watoto Jumamosi, na ifikapo saa nane mchana, vijana wakishawatania vya kutosha, nao wanapanda ubao. Mkono ukifungwa plasta wiki sita, huyo hana zamu. Wengi hulipwa kwa saa, na saa ambayo mtu hakufanya kazi mara nyingi hailipwi. Upande wa Marekani kuna pia bili ya hospitali, ambayo hata mwenye bima huweza kulipia sehemu kubwa kutoka mfukoni. Na kuna familia Kigoma, Kisumu au Goma iliyokuwa ikisubiri fedha za mwezi huo. Ndiyo maana naomba sharti liwahusu watu wazima sawasawa na watoto. Mtu mzima ana mwili mzito zaidi wa kuangusha, na ana watu wengi zaidi wanaoutegemea mkono wake.

Helmeti tulishakubaliana. Leo hakuna kamati inayompeleka mtoto mlimani kichwa wazi, na anayejaribu hukemewa na kina mama palepale kwenye basi. Hilo ni jema kabisa. Kifundo kinasahauliwa kwa sababu hakiui. Lakini katika safari ya vijana wanaojaribu ubao mara ya kwanza, mkono ndio una nafasi kubwa zaidi ya kurudi umevunjika kuliko kichwa, na hatuwezi kuendelea kuuachia bahati.

Kinga nzuri ikoje? Iwe na kibanzi kigumu kiasi, chenye kunepa kidogo, upande wa kiganja au wa mgongo wa mkono au pande zote mbili, kinachozuia kiganja kisikunjwe nyuma kupita mwisho wake. Ishike sehemu ya mkono juu ya kifundo na isiishie pale pale kwenye kiungo. Ivaliwe ndani ya glavu, au iwe imeshonewa ndani ya glavu yenyewe. Tangu mwaka 2020 kuna kiwango cha kimataifa kilichotungwa mahsusi kwa kinga za vifundo vya wapanda ubao, ISO 20320. Mkiikuta namba hiyo kwenye lebo, nunueni bila wasiwasi. Kinga za viatu vya magurudumu ambazo watoto wanazo nyumbani zilitengenezwa kwa lami. Nyingi zina plastiki nene isiyoingia ndani ya glavu, na kijana atazivua kabla ya saa sita. Zijaribuni sebuleni, glavu zikiwa juu yake, wiki moja kabla. Glavu ikibana, damu haifiki vidoleni na baridi itamuumiza, kwa hiyo glavu ya siku hiyo iwe kubwa kwa saizi moja.

Msitegemee kuzikuta mlimani. Viwanja vingi hukodisha ubao, mabuti na helmeti kwa pamoja, na kinga za vifundo hazimo kwenye mkupuo huo. Mahali pengine hazipo kabisa. Anayepiga simu kuweka nafasi ya kundi aulize moja kwa moja: mnazo ngapi, za saizi gani, na je, zinaweza kuingizwa kwenye bei ya kundi? Kundi la vijana arobaini ni biashara, na meneja wa duka la kukodisha ataitafakari simu hiyo zaidi kuliko barua yangu. Wakiulizwa na Wasomali, na Wahmong, na shule za mjini, na sisi, watazinunua. Helmeti nazo zilikuwa nadra kwenye milima hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo zimejaa rafu nzima.

Kinga zikishavaliwa, kuanguka kufundishwe kwenye tambarare kabla ya mtu yeyote kufungwa miguu. Hili halihitaji zaidi ya dakika kumi na tano. Anayeanguka kwa nyuma achuchumae kwanza, apunguze kimo cha kuangukia, akalie makalio kisha abiringike hadi mgongoni, kidevu kikiwa kimegusa kifua ili kisogo kisipige chini, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Anayeanguka kwa mbele apige magoti, kisha alaze mikono kuanzia kiwiko hadi ngumi kwa pamoja, asijitegemeze kwa viganja. Na vidole vifungwe ngumi wakati wote wa kuteleza. Waambieni watoto wadogo washike ncha za glavu zao kwa ndani. Wakishakuwa na kitu cha kushika, kiganja hakifunguki kirahisi. Nimesema mkono hutoka kabla ya wazo, na mazoezi haya hayaondoi hilo kabisa. Yanapunguza, na kinga inapokea yaliyobaki.

Theluji yenyewe muichague. Viwanja vya Minnesota na kusini mwa Ontario hutegemea sana theluji ya mashine, na jua likiiyeyusha mchana kisha usiku ukaigandisha, asubuhi mteremko unakuwa mgumu mno. Basi linalofika saa mbili asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo linawashusha watoto mahali pabaya kwa wakati mbaya. Kama kuna nafasi ya kuchagua, wanaoanza waingie saa nne au saa tano, theluji ikishalainika, au safari isogezwe hadi siku iliyofuata theluji mpya. Na somo la mwalimu wa uwanja lilipiwe kwa kila anayeanza. Tabia yetu ya kumwachia binamu aliyewahi kwenda mwaka jana amfundishe mwenzake ina upendo ndani yake, lakini binamu hajui kufundisha, na kwa kawaida humpandisha mwenzake lifti mapema mno.

Wapo wazee wetu wanaosema mchezo huu si wetu. Naheshimu umri wao, lakini sikubaliani nao. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, michezo ileile ya Olimpiki iliyoupokea ubao wa theluji kwa mara ya kwanza ndiyo iliyompokea Philip Boit wa Kenya, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya baridi, kwenye skii za kilomita 10. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri hadi amalize ili ampongeze. Miaka ishirini baadaye Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alishuka milima ya Pyeongchang chini ya bendera ya Kenya. Theluji ni yetu kama tunaiishi. Tunachotakiwa ni kuifahamu kwa undani, kama baba zetu walivyoifahamu bahari na kujua siku ya kutotoka.

Kuhusu fedha. Jozi moja ya kinga ni rahisi kuliko tiketi ya siku moja ya lifti katika viwanja vikubwa, na jozi hiyo hutumika misimu mingi kwa watoto wengi. Naomba kila kamati itenge kiasi kidogo kutoka kwenye mchango wa mwaka huu inunue jozi za saizi ndogo, ya kati na kubwa, ziwekwe kwenye sanduku moja pamoja na kitabu cha kuandikia nani kachukua. Zinunuliwe kabla ya kulipia basi, maana tukishalipia basi hatuna tena moyo wa kumzuia mtu. Jina la msimamizi mmoja liandikwe kwenye fomu kuwa ndiye anayekagua mikono kabla watu hawajapanga foleni ya lifti, na apewe mamlaka ya kumrudisha yeyote, hata mwenyekiti. Jumuiya zenye vijana wachache hazina haja ya kununua kila moja sanduku lake; zishirikiane sanduku moja. Warundi na Wakongo wa mji mmoja wanaweza kusafiri siku tofauti za wikiendi moja. Basi la Jumamosi likirudi, kinga zitolewe kwenye glavu, zianikwe karibu na hita usiku huo, na asubuhi ya Jumapili zikabidhiwe kwa wenzao kabla basi lao halijaondoka.

Wenu katika jumuiya,

Mzazi na msimamizi wa wanaoanza